Gesi ya Jokofu Haiishi: Lini Tulitengeneze, Lini Tuachane Nalo?

Mjini Magu, kiasi cha kilometa 60 kutoka Mwanza kwa barabara iendayo Musoma, jokofu ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo la sebule. Humo huwekwa sato na sangara wa Ghuba ya Speke wanaomngoja mnunuzi. Humo hugandishwa barafu ya kuuzwa kwa wavuvi na kwa watoto wa shule. Humo hupozwa maji ya kunywa na soda za kibanda. Jokofu hilo likisimama Jumatatu asubuhi, samaki waliomo hawataifikia Jumatano.

Majokofu ya namna hiyo mara nyingi ni makuukuu. Baadhi yalinunuliwa dukani miaka mingi iliyopita, na mengine yaliletwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya kwa miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo mwenyewe hukabiliwa kila mara na swali lenye gharama: alipeleke kwa fundi, ama atafute jingine? Na katika kujibu swali hilo kuna kauli moja inayosikika kuliko zote: “Gesi imekwisha.” Gesi huongezwa, fedha hulipwa, jokofu hupoza kwa majuma kadhaa, kisha kauli ileile hurudi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo, kwa jinsi inavyosemwa, haiafikiani na fizikia ambayo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kufundishwa, na kwamba fizikia hiyohiyo yatosha kumwongoza mwenye jokofu aamue lini atengeneze na lini aachane nalo. Neno “jokofu” litatumika hapa kwa friji na friza pia, isipokuwa pale ambapo tofauti yake ina maana.

Safari ya joto

Watu husema jokofu hutengeneza baridi. Katika fizikia hakuna kitu kiitwacho baridi ambacho chaweza kutengenezwa. Kuna joto, na joto laweza kuhamishwa. Jokofu ni pampu. Kama vile pampu ya maji inavyoyatoa maji ziwani na kuyapandisha kilimani, mahali ambapo yasingepanda kwa hiari yake, ndivyo jokofu linavyolitoa joto katika kabati lenye ubaridi na kulimwaga katika chumba chenye joto zaidi. Kwa kuwa joto lenyewe hupenda kwenda upande wa pili, yaani kutoka penye joto jingi kwenda penye joto haba, ni lazima nishati itumike kulilazimisha. Nishati hiyo ndiyo tunayoilipia katika mita ya umeme.

Kinachobeba joto hilo ni gesi ya kupozea. Mwanafunzi aliyewahi kupakwa spiriti mkononi kabla ya kuchomwa sindano anaijua siri yake: spiriti inapovukiza huchukua joto fiche kutoka kwenye ngozi, na ngozi huhisi ubaridi. Daktari mmoja wa Scotland, William Cullen, alitumia jambo hilo katikati ya karne ya 18 kugandisha maji kidogo kwa kuvukizia etha ndani ya ombwe. Jokofu la Magu leo hufanya vivyo hivyo, ila halikubali mvuke wake upotee. Katika mabomba yaliyo ndani ya kabati, kanieneo ni ndogo, hivyo kimiminika huvukiza na kulichukua joto la samaki na la maji. Kompresa, kile chungu cheusi cha chuma kilichoko chini kwa nyuma, huuvuta mvuke huo na kuukandamiza. Kanieneo hupanda, na halijoto hupanda pamoja nayo. Mvuke huo wa moto hupita katika mabomba ya nyuma, huliachia joto lake hewani, na hurudia hali ya kimiminika. Kisha hupenyezwa katika kichujio na katika bomba jembamba mno, ambalo tundu lake kwa kawaida halifiki milimita moja, hushuka kanieneo, na safari huanza upya.

Msomaji aangalie kwamba katika mzunguko huo wote hakuna mahali ambapo gesi huungua, huliwa, au hugeuka kuwa kitu kingine. Petroli ya gari huungua. Mafuta ya taa katika kandili huungua. Gesi ya jokofu huzunguka tu. Mabomba yake yamechomelewa, na kompresa imefungwa ndani ya chuma kisicho na mlango wala mfuniko. Gesi iliyotiwa kiwandani, ambayo kwa jokofu la nyumbani haizidi gramu mia mbili au tatu, na katika mengi ya sasa ni gramu makumi tu, yaweza kuzunguka kwa miaka 20 na zaidi bila kupungua. Ikiwa imepungua, basi kuna tundu.

Wazee wetu watayakumbuka pia majokofu ya mafuta ya taa yaliyotumika misheni na katika zahanati zisizo na umeme. Hayo hayana kompresa kabisa. Yalivumbuliwa na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na hutumia mwali wa utambi kuitoa amonia katika maji na kuizungusha. Yalitunza chanjo nyingi za watoto wa nchi hii, ambazo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Lakini yalihitaji kusimama sawasawa bila kuinama, na utambi wake ulitaka uangalizi wa mtu mwenye subira. Hatutayazungumzia zaidi.

Umeme unaopanda na kushuka

Ukimwuliza fundi mwenye uzoefu ni nini huua majokofu mengi katika miji midogo, atakujibu kwamba ni umeme. Jibu hilo ni sahihi, nasi yatupasa kulieleza.

Kompresa huendeshwa na mota iliyotengenezwa kwa volti 230 hivi. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hiyo hufuata kipeo cha pili cha volti. Tuchukulie kwamba jioni, watu wote wakiwa wamewasha taa, pasi na majiko, volti mwishoni mwa njia ndefu ya umeme zimeshuka hadi 160. Gawanya 160 kwa 230, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata 0.48. Mota ina chini ya nusu ya nguvu yake. Ikiwa inazunguka tayari huenda ikaendelea kwa shida; ikiwa inataka kuanza, haitaweza. Mota iliyokwama huvuta mkondo mkubwa wa umeme mara kadhaa kuliko ule wa kawaida, na mkondo huo wote hugeuka kuwa joto katika nyaya za koili. Kuna kikatizi kidogo kando ya kompresa kinachokata umeme kikipata moto. Ndicho kinacholia “taki”, kikanyamaza dakika chache, kikalia tena. Sauti hiyo ikirudiarudia wakati wa jioni, zima jokofu. Kila mlio ni koili imechemka tena, na rangi ya kuhami iliyopakwa juu ya nyaya zake haina uwezo wa kuvumilia milele.

Hatari ya pili huja umeme unapokatika na kurudi papo hapo. Kompresa inaposimama, upande mmoja wa mabomba bado una kanieneo kubwa na upande mwingine ndogo. Lile bomba jembamba husawazisha pande hizo polepole, kwa muda wa dakika tatu hadi tano. Umeme ukirudi baada ya sekunde 10, mota hutakiwa kuanza huku ikisukumwa nyuma. Hukwama, hata kama volti ni kamili. Ndiyo maana vile vifaa vidogo vinavyouzwa madukani kwa jina la frijigadi huchelewesha umeme kwa dakika kadhaa, na hukata volti zikiwa chini mno au juu mno. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna shilingi inayotumika vizuri zaidi kwa jokofu kuukuu kuliko ile ya kununulia kifaa hicho. Asiye nacho na ang'oe plagi umeme unapokatika, asubiri umeme urudi na kutulia dakika tano, kisha airudishe.

Neno moja zaidi kuhusu kompresa. Kando yake kuna kifaa kidogo cha kuanzishia mota, ambacho mafundi hukiita rilei, na pengine kapasita. Vitu hivi huharibika mara nyingi kuliko kompresa yenyewe, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa. Kabla ya kukubali kwamba kompresa imekufa, mwombe fundi apime koili zake kwa mita ya omu mbele yako, kisha ajaribu rilei nyingine. Mwalimu wa fizikia aliye na mita hiyo katika maabara anaweza kufanya kipimo hicho mwenyewe, plagi ikiwa imeng'olewa: koili mbili zilizo nzima zitatoa omu chache kila moja, na jumla yake itaonekana kati ya ncha ya tatu na ya pili. Koili iliyokatika haitatoa kitu. Kati ya ncha yoyote na mwili wa chuma pasiwe na njia ya umeme kabisa.

Barafu, vumbi na mpira wa mlango

Kazi zinazoweza kufanywa nyumbani bila fundi ni chache, nazo ndizo zinazosahauliwa.

Ya kwanza ni mpira wa mlango. Hewa ya pwani ya ziwa ina unyevu mwingi. Mpira ukiwa umepasuka au umelegea, hewa hiyo huingia usiku na mchana, na mvuke wake hugandia juu ya mabomba ya baridi. Gramu moja ya mvuke ikigeuka kuwa barafu huacha ndani ya jokofu jouli 2,800 hivi. Gramu moja ya maji yaliyowekwa chupani yakapozwa kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 5 huacha jouli 92 tu. Yaani mvuke unaopenya mlangoni una uzito zaidi ya mara 30 kwa kompresa kuliko maji uliyoyaweka kwa makusudi. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukazwa, hapo pana mwanya. Osha mpira kwa sabuni na maji ya vuguvugu, uliopinda waweza kunyooshwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, uliopasuka ubadilishwe.

Ya pili ni barafu yenyewe. Wengi hudhani kuwa barafu nene ndani ya jokofu ni dalili ya afya. Ni kinyume chake. Alumini hupitisha joto kwa urahisi zaidi ya barafu ngumu kiasi cha mara 100, na ile theluji nyepesi iliyojaa hewa hupitisha haba zaidi. Tabaka hilo ni blanketi lililofunikwa juu ya mabomba ya baridi, likiyatenga na chakula.

Hapa yafaa tukumbuke kisa kilichoanzia nchini kwetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka katika jokofu la shule maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Wataalamu wangali wanabishana. Wapo waliopima upya mwaka 2016 na kutilia shaka kama jambo hilo hutokea kweli katika maji. Lakini mojawapo ya maelezo yaliyopendekezwa linatuhusu hapa: chombo cha moto huiyeyusha theluji iliyo chini yake, kikagusana na chuma cha jokofu moja kwa moja, hali chombo cha baridi kikiwa kimekaa juu ya blanketi. Darasa lenye jokofu na vipimajoto viwili laweza kulijaribu hilo, mara moja theluji ikiwapo, na mara nyingine ikiwa imefutwa.

Barafu ikifikia unene wa nusu sentimeta, zima jokofu, acha mlango wazi, weka ndani bakuli la maji ya moto, ungoje. Usitumie kisu. Tunasisitiza, usitumie kisu wala bisibisi. Mabomba ya ndani ya majokofu mengi ni karatasi mbili za alumini zilizoshikamanishwa, nyembamba kuliko kucha. Pigo moja la kisu hutoboa, gesi hutoka kwa mlio wa “fyuu”, na jokofu zima laweza kuwa limekwisha. Mafundi wana visa vingi vya namna hiyo.

Ya tatu ni mabomba ya nyuma. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara huingia kila mahali, na katika nyumba zilizo karibu na maji huongezeka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa makundi makundi kama moshi na kufuata taa usiku. Uchafu huo pamoja na masizi ya jiko hulivisha bomba koti, na joto hukosa pa kutokea. Sadi Carnot, mhandisi wa Ufaransa, alikwisha kuonyesha mwaka 1824 misingi ya hesabu yake. Upeo wa ufanisi wa pampu ya joto ni halijoto ya upande wa baridi, katika Kelvini, igawanywe kwa tofauti ya halijoto za pande mbili. Mabomba ya ndani yakiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, yaani Kelvini 253, na ya nyuma nyuzi 45, yaani Kelvini 318, jibu ni 253 kwa 65, au 3.9. Yakipanda hadi nyuzi 60 kwa sababu ya vumbi na ukuta ulio karibu mno, jibu ni 253 kwa 80, au 3.2. Umepoteza karibu moja ya tano bila kuvunjika kitu chochote. Jokofu halisi halifikii upeo huo, lakini hupungua kwa njia hiyohiyo. Brashi laini mara moja kwa miezi mitatu, na nafasi ya kiganja kati ya jokofu na ukuta, vyatosha.

Kwa mwenye friza la kufungulia juu, ambalo wauza barafu hulipendelea, ipo faida ya maumbile: hewa baridi ni nzito, hivyo haimwagiki mfuniko unapofunguliwa. Nafasi tupu na ijazwe chupa za maji. Zikiganda, kila kilo ya barafu itameza kilojouli 334 kabla ya kuyeyuka, na samaki wataweza kuvuka usiku mmoja usio na umeme.

Gesi ikipungua

Sasa turudi kwenye ile kauli ya fundi. Dalili za gesi haba ni kompresa inayozunguka bila kusimama, mabomba ya nyuma yaliyo vuguvugu tu, na theluji iliyojitokeza kwenye kipande kifupi cha mabomba ya ndani huku sehemu nyingine zikiwa kavu. Dalili zikiwa hizo, kuongeza gesi peke yake ni kumimina maji katika ndoo iliyotoboka. Kazi kamili ina hatua zinazojulikana: kutafuta tundu kwa naitrojeni yenye kanieneo na povu la sabuni, kulichomelea, kubadilisha kichujio, kuvuta ombwe kwa pampu kwa muda wa kutosha ili unyevu wote utoke, na kutia gesi kwa kuipima gramu kwenye mizani. Hatua ya ombwe ndiyo inayorukwa zaidi. Tone moja la maji lililobaki huganda penye mdomo wa lile bomba jembamba na kuliziba. Jokofu hupoza, husimama kupoza, na huanza tena, nawe hurudi kwa fundi. Fundi asiye na pampu ya ombwe wala mizani apewe heshima yake, lakini asipewe jokofu lifunguliwe.

Gesi yenyewe hazifanani, wala haifai kuzibadilishana kama chumvi. Majokofu yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya kati ya 1990 kwa kawaida yana R12, mojawapo ya klorofluorokaboni ambazo Thomas Midgley na wenzake wa Marekani walizitengeneza kuanzia mwaka 1928. Zilisifiwa kwa kuwa hazilipuki wala hazina sumu, kinyume cha amonia na dioksidi ya salfa zilizotangulia. Ilipofika mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo, kwa vile haziharibiki chini hapa, hupanda hadi anga za juu, ambako mwanga wa jua huzivunja na kutoa klorini. Nayo atomu moja ya klorini yaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni, ile ngao inayozuia mionzi ya urujuanimno. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua mno. Mkataba wa Montreal ukafuata mwaka 1987. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, na kuanzia mwaka 2010 nchi zinazoendelea ziliacha kutengeneza na kuagiza klorofluorokaboni kwa matumizi ya kawaida.

Mahali pa R12 palichukuliwa na R134a, ambayo haina klorini. Hata hivyo nayo ni gesijoto kali: gramu moja yake hupasha dunia joto kama gramu 1,430 za hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Kwa R12 ni kama gramu 10,900. Jokofu dogo lenye gramu 120 za R12, likitobolewa kwa kisu kile tulichokikataza, limetoa kwa dakika moja sawa na kilo 1,300 za hewa ukaa. Gesi za kundi la R134a ndizo zilizowekewa mpango wa kupunguzwa katika marekebisho yaliyofikiwa kwa jirani zetu, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016.

Majokofu mengi mapya ya nyumbani sasa yana R600a, yaani isobutani, njia iliyopata nguvu baada ya kiwanda cha Foron cha Ujerumani kuanza kuitumia mwaka 1993. Haina madhara kwa ozoni, hutumika kidogo, lakini huwaka. Gramu 50 zake zikivuja hutoa lita 20 hivi za gesi. Katika chumba chenye ujazo wa mita 30 ni chini ya sehemu moja kwa elfu, nayo haiwezi kuwaka. Lakini katika kabati la jokofu la lita 200, lita nne tu zafikisha asilimia 2, na isobutani huanza kuwaka hewani ikifika asilimia 1.8. Cheche ya swichi yatosha. Kwa hiyo kibandiko cha kompresa kisomwe kabla ya kitu chochote kufanywa. Penye R600a pasichomelewe kwa moto mpaka gesi imetolewa nje kwa usalama na mabomba yamesafishwa kwa naitrojeni. Na kutia gesi ya kupikia katika jokofu lililotengenezwa kwa R134a, ati kwa sababu “nayo hupoza”, ni kuweka bomu katika kabati ambalo taa na swichi zake hazikutengenezwa kwa hilo.

Lini tuachane nalo

Jokofu lenye mpira mbovu, rilei iliyoungua, thamostati iliyokwama au vumbi nyuma, litengenezwe. Gharama ni ndogo na faida ni ya hakika. Jokofu lililovuja mahali panapoonekana, nalo bado si zee, litengenezwe na fundi mwenye vifaa. Jokofu lililovuja ndani ya ukuta wake, mahali pasipofikika, au lililounguza kompresa likiwa na umri wa miaka 15, lifanyiwe hesabu kwanza. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Mita ya LUKU yaifanya.

Usiku mmoja, zima kila kitu nyumbani isipokuwa jokofu. Andika yuniti zilizobaki saa tatu usiku, kisha saa tatu asubuhi. Zidisha tofauti kwa 2 upate matumizi ya siku nzima. Mchana una joto na mlango hufunguliwa, kwa hiyo hesabu halisi itazidi kidogo. Afadhali zaidi ni kupima saa 24 kamili siku ya mapumziko.

Tuchukulie kwamba jokofu kuukuu limetumia yuniti 2.5 kwa siku. Kwa siku 30 ni yuniti 75. Idadi hiyo ina maana yake, kwa sababu katika utaratibu wa bei uliopangwa mwaka 2016, nyumba zisizozidi wastani wa yuniti 75 kwa mwezi ndizo zilizowekwa katika kundi la bei nafuu. Jokofu hilo limekula fungu lote peke yake, kabla taa moja haijawashwa. Sasa tuchukulie kwamba jokofu jipya la ukubwa uleule hutumia yuniti 0.8 kwa siku. Tofauti ni yuniti 1.7 kwa siku, au 620 kwa mwaka. Kwa shilingi 350 kwa yuniti, ambayo twaitumia kwa mfano, ni shilingi 217,000. Weka kiasi hicho kando ya bei ya jokofu jipya, na kando ya fedha ulizolipa mwaka jana kwa ajili ya “gesi imekwisha”, uone ni miaka mingapi jipya litajilipia.

Muuza barafu afanye hesabu ya pili. Kilo moja ya maji ya nyuzi 27 huhitaji kuondolewa kilojouli 447 ili iwe barafu ya nyuzi sifuri: 113 za kuyapoza na 334 za kuyagandisha. Friza linalohamisha jouli 1.2 kwa kila jouli ya umeme litagandisha kilo 10 kwa yuniti moja hivi. Akiona mita yake yaonyesha yuniti tatu kwa kilo hizohizo, yuniti mbili zimekwenda kulipigania joto linalopenya kutani. Friza ambalo kuta zake hutoa jasho kwa nje kila siku, hata mvua isiponyesha, mara nyingi limekwisha kulowa ndani ya povu lake la kuhami, na hakuna fundi wa kulikausha.

Tahadhari ni kwamba kununua kuukuu jingine ili kuondoa kuukuu la kwanza hakusaidii. Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa majokofu yaliyotumika mwaka 2009, na Ghana mwaka 2013, zikitaja umeme na mazingira. Anayelazimika kununua lililotumika na asome kibandiko: likiwa limeandikwa R12, aliache. Aliangalie likifanya kazi kwa saa kadhaa, si dakika. Na akilisafirisha kutoka Mwanza, lisimamishwe garini wala lisilazwe. Likilazimika kulazwa, lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta yaliyotoka katika kompresa yarudi.

Lile la zamani litakwenda wapi? Kwanza gesi yake itolewe na fundi aliye na mtungi wa kuihifadhi. Kukata bomba uani ni kuimwaga angani. Kuta zake zisichomwe moto, kwani povu la majokofu ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 lilitengenezwa kwa klorofluorokaboni nyingine, R11, na mara nyingi hubeba nyingi kuliko ile iliyo katika mabomba. Moshi wake pia ni sumu. Shaba na chuma vina wanunuzi. Kabati lenyewe hufaa sana kuhifadhia mahindi na maharage dhidi ya panya, au kuweka samaki na barafu pwani, maana povu huhami joto hata bila umeme. Lakini kabla ya kuliweka uani, ng'oa kufuli na mlango, au mfuniko ikiwa ni friza. Majokofu ya zamani ya Marekani yalikuwa na komeo lisilofunguka kwa ndani, na watoto waliojificha humo walikufa kwa kukosa hewa, mpaka sheria ya mwaka 1956 ikawalazimisha watengenezaji kuweka milango inayoweza kusukumwa. Mfuniko mzito wa friza hauna komeo, lakini kwa mtoto wa miaka minne uzito wake hufanya kazi ileile.